Shamba, duka la kadi, meli au paka: gemu ipi ikupumzishe masika haya?

Masika yakishika, wageni hupungua, na Arusha hujaa watu waliozoea kuamka saa kumi alfajiri kupakia gari ambao sasa hawana safari. Dereva wa Sakina, mpishi wa kambi anayekaa Ngaramtoni, mpagazi wa Pasua kule Moshi: kila mmoja ana jioni ndefu na akiba ambayo lazima ifike Juni. Kipindi hiki naulizwa sana swali moja: "Kaka, nitafutie gemu ya kutuliza akili, isiwe ya mpira wala ya bunduki."

Zipo. Ni gemu za watengenezaji wadogo ambamo unaendesha kitu chako, shamba au duka au chombo, bila mtu kukufukuza, na kidogo kidogo unakusanya vitu mpaka albamu ijae. Tatizo ni kwamba zimekuwa nyingi mno na zote zinajinadi kuwa za kupumzikia. Mimi nashikilia kwamba hazipumzishi kwa njia moja. Aliyechoshwa na watu hapumziki kwa dawa ileile ya aliyechoshwa na kukaa bure. Kinachoamua zaidi ni ule ukusanyaji: mmoja unamtuliza, mwingine unamgeukia deni linalomnyima usingizi.

Nimechukua nne zinazotofautiana waziwazi. Nitazipima kwa mambo matano: hela na kifaa unachohitaji; kazi utakayofanya ndani yake; unakusanya nini na kinakufanya ujisikieje; kama unaweza kuacha muda wowote ukaenda kulala; na Kiingereza kilichomo, kwa kuwa hakuna hata moja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Zenyewe ni hizi

Stardew Valley ni ya Eric Barone, Mmarekani aliyeitengeneza peke yake, kuanzia picha na muziki hadi maandishi, kwa zaidi ya miaka minne. Ilitoka Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 41. Unarithi shamba la babu lililojaa magugu na mawe, karibu na kijiji cha Pelican Town. Unalima, unafuga, unavua, unachimba madini, na unajuana na wanakijiji.

TCG Card Shop Simulator ya OPNeon Games nayo ni kazi ya mtengenezaji mmoja, wa Malaysia. Ilianza kuuzwa Septemba 2024 huku ikiendelea kujengwa. Una duka la kadi za kukusanya zenye picha za viumbe wa kubuni waitwao Tetramon. Unaagiza mzigo, unapanga rafu, unauza, na wewe mwenyewe unafungua pakiti kutafuta kadi adimu.

Spiritfarer ni ya Thunder Lotus Games wa Montreal, Kanada, na ilitoka Agosti 2020. Wewe ni Stella, uliyepokea kazi ya Charon, mvushaji wa wafu. Pamoja na paka wako Daffodil unaendesha meli inayobeba roho zenye sura za wanyama. Unazijengea vyumba, unazipikia, unazikumbatia, na kila moja ikiwa tayari unaipeleka kwenye lango la kuondokea.

Neko Atsume ni ya kampuni ya Kijapani iitwayo Hit-Point, na ilitoka Oktoba 2014. Una ua mdogo. Unaweka chakula na vitu vya kuchezea, unafunga programu, na paka wanakuja kwa wakati wao.

Hela na kifaa

Neko Atsume ni ya bure kwenye simu. Ndani yake samaki wadogo ndio fedha. Wapo wa rangi ya fedha na wa dhahabu, na wa dhahabu unaweza kuwanunua kwa hela halisi, ila asiyetaka kulipa atawapata polepole kutoka kwa paka wenyewe. Haihitaji bando ukishaipakua.

Stardew Valley iko kwenye simu na kwenye kompyuta. Toleo la iPhone lilitoka 2018, la Android 2019, na huuzwa kwa karibu dola 5, mara moja tu, bila matangazo. Ya kompyuta bei yake ya kawaida ni dola 14.99. Ni nyepesi mno: RAM ya GB 2 inatosha, kwa hiyo zile laptopu za mtumba zilizozagaa mjini zinaiendesha bila kuhema.

TCG Card Shop Simulator ni ya kompyuta ya Windows, na ilitoka kwa dola 12.99. Hapa ndipo wengi hukwama, maana duka na wateja wote wamechorwa kwa pande tatu, na laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki, kile kifaa cha ndani cha kuchora picha nzito, itaburuta duka likishajaa watu. Spiritfarer ndiyo ghali kuliko zote, dola 29.99, lakini bei yake hushushwa mara nyingi, hasa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inapofanya punguzo kubwa la katikati na mwisho wa mwaka. Ipo pia kwenye Nintendo Switch, PlayStation na Xbox. Picha zake zimechorwa kwa mkono na hazihitaji mashine ya kutisha.

Kuhusu kulipa: Steam na Play Store hupokea kadi inayofanya kazi mtandaoni, ya benki au ile ya kidijitali ambayo siku hizi hutengenezwa ndani ya huduma ya pesa ya simu. Weka akiba kidogo juu ya bei, kwa ajili ya kubadilisha dola na makato.

Najua mitaani utaambiwa "lete flashi nikuwekee." Naomba usiweke. Virusi ni sababu mojawapo, lakini iliyo kubwa kwangu ni kwamba gemu mbili kati ya hizi zimeanzishwa na mtu mmoja mmoja mezani kwake. Sisi tunaoishi kwenye mji ambao fundi wa kuchonga na mama wa shanga wanalia kila siku kwamba kazi zao zinaigwa, tunajua maana yake.

Kazi yenyewe

Siku moja ya Stardew huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane usiku, na kwa saa ya ukutani inachukua kama dakika 14. Msimu una siku 28. Asubuhi unamwagilia, unalisha kuku, kisha unaamua: leo ni mtoni, mgodini au kijijini? Uhuru huo ndio utamu wake. Watu wa Machame na Marangu watafurahia jambo moja zaidi: kahawa imo. Mbegu yake haiuzwi dukani kama nyingine. Unaipata kwa mchuuzi anayekuja Ijumaa na Jumapili, au kwa vijidudu vyeusi vya mgodini. Ukiipanda majira ya kuchipua huzaa baada ya siku 10, kisha unachuma kila baada ya siku mbili hadi mwisho wa kiangazi. Punje tano ukizitia kwenye pipa unapata kikombe kimoja, na ukikinywa unatembea haraka kwa muda. Aliyewahi kusubiri mbuni wa kweli miaka mitatu ndipo uzae atajua kwa nini watu wanaona raha mahali ambapo jasho linalipa ndani ya jioni moja.

Kwenye duka la kadi, wewe ndiye kila mtu: mwenye mali, mpangaji wa rafu na mtu wa kaunta. Mteja akilipa kwa noti, unahesabu chenji na kumrudishia. Akilipa kwa kadi ya benki, unaandika kiasi mwenyewe. Unapanga bei ukiangalia bei ya soko inayopanda na kushuka, unalipa kodi ya pango na umeme, unaajiri wasaidizi, unaweka meza ambazo watu wanalipia kuchezea. Wapo hata wateja wanaonuka jasho, ambao unawapulizia manukato ili wenzao wasikimbie. Asiyependa biashara ataona ni kazi ya kurudia tu. Aliye na biashara damuni atasahau kula.

Meli ya Spiritfarer ina kazi nyingi za mikono: kukata mbao, kuyeyusha madini, kufuma, kulima bustani, kuvua. Jikoni ndiko nilikoipenda. Kila abiria ana anachokipenda na asichokigusa, na hakuna anayekubali chakula kilekile mara mbili mfululizo, kwa hiyo huwezi kupika sufuria moja kubwa ukamaliza. Lazima umfikirie kila mmoja. Usiku meli haisafiri. Unaweza kuvua, kuzunguka vyumbani, au kulala tu mpaka kuche, na kusimama huko kunaipa gemu nzima pumzi yake.

Neko Atsume: weka chakula, weka mpira au boksi, ondoka. Basi.

Unakusanya nini, na kinakufanya ujisikieje

Makumbusho ya Pelican Town yana nafasi za vitu 95, vya kale na vya madini. Ukivikabidhi vyote, rafu zilizokuwa tupu zinajaa kwa mkono wako mwenyewe, na ukipita pale unakumbuka kila kimoja ulikitoa wapi. Mtu wa Arusha, aliyezoea kuona watu wakigeuza mawe juani ili kuangalia rangi, atatazama madini hayo kwa jicho la ndani: yamo zumaridi, rubi, almasi, jade, amethisti, opali. Tanzanaiti haimo, na kwa kweli nilitamani iwemo.

Zaidi ya makumbusho kuna jumba la kijiji lililobomoka, ambalo linakarabatiwa kwa kupeleka mafungu ya vitu: mazao ya msimu huu, samaki wa aina ile, vyakula kadhaa vilivyopikwa. Hapa ndipo pa kuangalia tabia yako. Samaki fulani hupatikana majira fulani tu, wengine mvua ikinyesha tu, wengine usiku tu. Ukimkosa, unasubiri mwaka mzima wa mchezo. Kama wewe ni mtu wa kutulia utasema "mwakani" na kuendelea kumwagilia. Kama huwezi kuona nafasi tupu bila kuijaza, utajikuta na orodha ya mtandaoni mkononi, unakimbia na kalenda, na starehe imekwisha. Gemu yenyewe haina tarehe ya mwisho. Haraka unaileta wewe.

Duka la kadi linakusanyisha kwa namna tofauti kabisa. Pakiti unayoifungua ungeweza kuiuza ikiwa imefungwa na kupata faida ya uhakika. Ukiichana, unaweza kukuta kadi za kawaida tupu, au kadi moja inayong'aa inayozidi thamani ya rafu nzima. Kisha kuna swali la pili: uiuze, au uiweke kwenye albamu? Mvutano huo wa moyo wa mfanyabiashara na moyo wa mkusanyaji ndio gemu nzima, na umetengenezwa kwa ustadi. Hela zote ni za ndani ya gemu. Hakuna pakiti inayonunuliwa kwa hela yako halisi, na hilo linastahili sifa. Lakini msisimko wa kuchana pakiti ni ndugu wa karibu wa msisimko wa mkeka. Kama unajitahidi kuachana na kubeti, au una mdogo wako anayejitahidi, gemu hii nisingeiweka kwenye kompyuta hiyo, hata kama ni nzuri namna gani.

Spiritfarer inakusanyisha mapishi, samaki, na vitu vya kupeleka kwa Susan, mwenye makumbusho yake mwenyewe. Vyote hivyo ni pembeni. Unachokusanya hasa ni watu, na kila mmoja atakuacha. Umemjengea chumba, unajua anapenda supu gani, umesikia mara mbili hadithi ya mumewe, halafu siku moja anakwambia yuko tayari. Mnapanda mashua ndogo, mnapiga kasia kwenye maji mekundu, anazungumza maneno yake ya mwisho, mnakumbatiana. Ukirudi melini, chumba chake kipo na ndani yake limeota ua. Mmoja wa abiria ni bibi ambaye huanza kusahau, kwanza mambo madogo, kisha na wewe. Nani kati yetu hajamuuguza mzee wa namna hiyo? Sijaona gemu nyingine iliyoandika kuaga kwa heshima kiasi hiki.

Paka wa Neko Atsume unawakusanya kwa kuwapiga picha na kuwaweka kwenye albamu. Paka aliyekuzoea hukuachia zawadi ndogo ya kumbukumbu, kitu cha kipuuzi kwa macho ya mwingine lakini chake. Yupo mnene mmoja, Tubbs, anayekuja na kula bakuli zima kisha akajilaza palepale. Huna la kumfanya. Kesho unaweka tena.

Unaweza kuacha ukalala?

Neko Atsume ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu paka huja ukiwa umeifunga. Spiritfarer ina mwisho: wengi huimaliza kwa saa 25 hadi 30, na baada ya kumuaga mtu mara nyingi utataka mwenyewe kufunga kompyuta ukae kidogo.

Stardew ni hatari kwa upole wake. Siku ni fupi, na ukilala ndani ya gemu asubuhi mpya inakuja na jambo: mmea umeiva, barua imefika. "Moja tu ya mwisho" husemwa hadi saa nane usiku halisi. Halafu kuna la umeme. Kwenye kompyuta, Stardew huhifadhi pale tu unapolala kitandani ndani ya gemu. Kama betri ya laptopu yako imekufa na umeme ukakatika jioni ya siku ya mchezo, siku hiyo umeipoteza. Toleo la simu hujihifadhi lenyewe ukitoka.

Duka la kadi lina mwisho wa siku pia, duka linafungwa na unaona mapato. Lakini bado una boksi la pakiti chini ya kaunta, na mkono unawasha.

Kiingereza, na watoto

Neko Atsume unaweza kuicheza bila kusoma chochote. Duka la kadi lina maneno machache na namba nyingi. Stardew ina maongezi ya wanakijiji, mepesi, na mwanafunzi wa sekondari atajifunza humo maneno mengi ya shambani na jikoni. Spiritfarer bila kusoma haina maana. Lugha yake ni ya kina, na anayeirukaruka anapoteza gemu nzima.

Mzazi ajue kwamba Stardew ina baa, divai ya kutengeneza mwenyewe, na mwanakijiji anayepambana na ulevi. Imeandikwa kwa busara, lakini kaa na mtoto wa darasa la nne anapofika hapo.

Kwa hali yako

Una simu tu, nafasi ni ndogo na hela hakuna: anza na Neko Atsume leo hii. Ikikuonyesha kwamba unapenda gemu za taratibu, weka dola 5 za Stardew ya simu kabla hujawaza kompyuta.

Uko nyumbani msimu mzima, unasubiri simu ya kampuni kwamba wageni wamerudi: Stardew. Ni pana, haiishi, na inampa mtu sababu ya kuamka na mpango. Chukua fimbo ya kuvulia ya kujifunzia kwa Willy, mvuvi wa kijijini mwenye duka, mapema, maana uvuvi wake umewakatisha tamaa wengi siku za mwanzo.

Unatoka kaunta Kilombero au Mbuyuni ukiwa umesimama kutwa: fikiria mara mbili kuhusu duka la kadi, kwa kuwa utarudi kuhesabu chenji nyumbani. Bustani ya paka au shamba vitakufaa zaidi. Kwa kijana anayetamani kufungua duka na hajapata mtaji, hapo ndipo penyewe. Ataonja bei, faida, pango na mishahara bila kupoteza shilingi.

Umefiwa. Hapa siwezi kukuamulia. Kama arobaini bado haijapita na moyo ni mbichi, iache Spiritfarer kwanza. Kama muda umepita na kuna kuaga ambako hukupata nafasi ya kukufanya, icheze polepole, abiria mmoja kwa wakati, na usione aibu kulia.

Mko wawili na laptopu ni moja: Spiritfarer inamruhusu wa pili kuwa Daffodil, na asiyezoea gemu hujifunza haraka. Stardew ya kompyuta nayo, tangu sasisho la Desemba 2020, inaweza kugawa kioo mkalima shamba moja. Mtahitaji angalau pedi moja ya kuchezea gemu.

Bado umekwama kati ya mbili za kompyuta? Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Nunua moja, icheze saa moja na nusu jioni ambayo umechoka kikweli, na angalia ukifunga kompyuta mabega yako yamelegea au yamekaza.